Gari Lililoketi Nyuma

Dereva wa lori aliyekuwa akija mkabala nami usiku ule, karibu na Pongwe, alinimulikia taa mara tatu, na mara ya tatu akaziacha zikiwaka hata nikalazimika kufinya macho na kulisogeza gari kando ya njia. Nami, kwa kuwa nilikuwa nimezishusha taa zangu tangu nilipotoka Muheza wala sikuziinua hata mara moja, nikamhesabu miongoni mwa wale madereva ambao adabu ya njia wameisahau nyumbani. Hazikupita dakika mbili akatokea wa pili, wa basi dogo, akafanya vile vile. Na wa tatu, aliyekuwa juu ya pikipiki, akanitupia neno ambalo heshima ya gazeti hili hainiruhusu kulirudia. Ndipo nikasimama, nikateremka, nikalizunguka gari kwa tochi, na nilipofika ubavuni nikaona kilichowaghadhibisha waungwana wale: magunia matano ya machungwa, pamoja na jerikeni nne za maji zilizofungwa kwenye bampa, yalikuwa yamelikalisha gari nyuma kama mbwa aliyeketi kizingitini, pua yake imeelekea mbinguni, na taa nilizodhani nimezishusha zilikuwa zikipiga vilele vya minazi na macho ya viumbe wa Mungu kwa pamoja.

Gari lenyewe ni Land Cruiser ya toleo la 80, ambalo Toyota ilianza kuliuza mwaka 1990 badala ya lile la 60. Na wenye kuyajua magari haya watakumbuka kwamba hapo ndipo zilipoondolewa springi bapa, zile zilizopangwa moja juu ya nyingine, ndefu juu na fupi chini, zikawekwa springi za koili mbele na nyuma, ili abiria astarehe kuliko alivyokuwa akistarehe baba yake. Langu liliundwa 1994. Lilianza umri wake Japani, likaja kwetu likiwa mtumba mwenye afya njema, na tangu hapo nimelibebesha saruji, mbao, mbuzi wa arusi, na machungwa ya shamba la urithi lililoko kwenye njia ya kwenda Amani, bila ya kuliuliza abadan kama limeridhia.

Kosa langu la kwanza baada ya usiku ule lilikuwa kosa la watu wengi, nalo ni kudhani kwamba gari likikaa nyuma, maradhi yako kwenye shokapu. Nililipeleka kwenye gereji moja, ambayo sitaitaja; wakalitikisa, wakatikisa na vichwa, wakaniuzia shokapu mbili mpya za nyuma, nami nikalipa nikaondoka nimefurahi, mpaka nilipopakia tena nikaona gari limeketi pale pale lilipokuwa limeketi. Ukweli ni kwamba shokapu haibebi mzigo. Kazi yake ni kuizuia springi isichezecheze baada ya kupita tuta, kwa kuyasukuma mafuta yapite kwenye vitundu vyembamba hata ile nguvu ya kuruka igeuke joto. Ukizifungua zote mbili ukaziweka kando, gari litarukaruka kama ngalawa kwenye mawimbi, lakini kimo chake kitabaki karibu vile vile. Aliyeniuzia alilijua hilo, au hakulijua. Na sijui lipi kati ya mawili hayo ni baya zaidi kwa mtu aliyeandika “fundi” juu ya mlango wake.

Mzigo hubebwa na springi, na springi ina sheria yake, ambayo Mwingereza Robert Hooke aliitangaza 1678, baada ya kuificha miaka miwili katika fumbo la herufi zilizopangwa kwa mfuatano wa alfabeti, kama ilivyokuwa desturi ya wanazuoni wa zama zile waliotaka kuthibitisha kwamba wao ndio waliotangulia bila ya kumfunulia mtu siri. Sheria yenyewe ni nyepesi kuliko fumbo lake: springi hubonyea kwa kadiri ya mzigo inaotwikwa, mzigo ukizidi mara mbili na kubonyea huzidi mara mbili, maadamu mpaka wa chuma haujavukwa. Mpaka huo ukivukwa, chuma hakirudi chote kilikotoka. Na hata usipovukwa, springi iliyobebeshwa karibu na mpaka wake mwaka baada ya mwaka hupungua urefu kidogo kidogo, na hewa ya chumvi ya pwani yetu huitafuna kwa kutu iliyofichwa na matope, hata siku moja ikaonekana fupi ilhali hakuna aliyeiona ikifupika.

Basi kesho yake nilifanya jambo ambalo jirani zangu walilihesabu kuwa ni dalili ya uzee. Nililiegesha gari tupu juu ya sakafu iliyo sawa, nikayatia upepo magurudumu kwa kipimo kimoja, nikaazima utepe wa fundi cherehani, nikapima kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi ukingo wa upinde wa bodi ulio juu yake, kulia na kushoto. Wengi hupima kutoka ardhini, na hapo huingiza uwongo katika hesabu, kwani tairi lililolika au lililopungukiwa na upepo huishusha bodi bila ya springi kuwa na hatia yoyote. Kisha nikamwomba kijana wa jirani anisaidie kupakia mifuko ya saruji ya kilo 50, tukiipanga juu ya ekseli barabara. Mifuko miwili ikaushusha upinde milimita 16. Minne ikaushusha milimita 32. Na kama Hooke angalikuwa hai ningalimkaribisha kahawa. Springi zangu zilikuwa zikitii sheria kama siku zilipotoka kiwandani. Kilichonistua ni kule zilikoanzia, kwani nilipokwenda kwa sahibu yangu mwenye gari la mwaka ule ule, ambalo halijabeba ila wajukuu na vikapu vya sokoni, nikaona kwamba langu, likiwa tupu, lilikuwa chini ya lake kwa milimita 45, na upande wa dereva zaidi kidogo.

Hapa ndipo penye jambo ambalo watu hulichanganya, nami nataka kulikawilia. Springi iliyochoka haijapungukiwa na ugumu. Imepungukiwa na urefu. Gunia moja litaishusha kwa kadiri ile ile litakavyoishusha springi mpya ya aina yake, ila mpya huanzia juu na hii huanzia chini, na kwa hiyo hii huwahi kukifikia kile kipande cha mpira ambacho ekseli hukigonga mwisho wa safari yake. Kwa hiyo mwenye gari lililoketi ana maradhi mawili, naye aghalabu hudhani ni moja: kuna kimo kilichopotea kwa umri, na kuna mzigo uliozidi uwezo. La kwanza ni uzee, na la pili ni dhuluma, wala dawa ya uzee haijapata kuponya dhuluma.

Kuna na la tatu, ambalo halina uhusiano na springi kabisa, nalo ni mahali pa kuuweka mzigo. Mimi nilikuwa nimetia bampa la chuma lenye mkono wa kubebea tairi la akiba na jerikeni, nikajivunia kwamba ndani pamebaki nafasi. Tufanye hesabu. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ya gari hili ni milimita 2,850. Mkono wangu ulikuwa umetokeza nyuma ya ekseli kwa milimita 1,200 hivi. Kilo 100 zikining'inia pale haziilemei ekseli ya nyuma kwa kilo 100, bali kwa 142, na zile 42 za ziada hazikutoka mbinguni: zimenyang'anywa ekseli ya mbele, kama vile mtoto mnene akaavyo upande mmoja wa ubao wa bembea akamwinua mwenzake. Ndiyo maana usukani ulikuwa mwepesi usiku ule, wepesi niliouona kuwa ni raha, kumbe ni magurudumu ya mbele yaliyokuwa yakishika lami kwa shingo upande. Nilizihamisha jerikeni ndani, nikazibana nyuma ya kiti cha kati, mbele ya ekseli, na gari likainuka kabla sijanunua hata nati.

Baada ya hapo nikaitafuta karatasi ya Japani, ile inayofuatana na gari linapofutiwa usajili kule ili lisafirishwe, kwani imeandikwa uzito wa gari na uzito wake wa jumla, nayo wengi huitupa pamoja na maganda ya bahasha. Wajapani, katika kukadiria uzito wa jumla wa gari la abiria, humhesabu kila mtu kuwa ni kilo 55. Gari la watu wanane, basi, hukadiriwa kubeba kilo 440 za wanadamu. Mimi peke yangu, namshukuru Mola, nina 92, bampa, tairi, maji na spana, vitu ambavyo havitoki garini, ni kilo 100, magunia yale matano, kila moja kilo 80, ni 400, jumla 592. Sisemi kwamba chuma hukatika kikifika kilo 441, kwani watu wa viwanda huacha nafasi ya usalama. Nasema kwamba springi laini zilizokusudiwa kumbeba mzee wa Kijapani na aila yake kwenye lami tambarare mimi nilizipandisha vilima vya chini ya Amani zikiwa na lumbesa, kisha nikazilaumu kwa kuchoka.

Sasa tuziangalie dawa zinazouzwa. Iliyo rahisi kuliko zote ni spesa, kipande cha mpira mgumu au plastiki kinachowekwa juu ya springi ili gari lisimame. Nayo si uwongo mtupu: kama umepoteza kimo kwa umri, wala hubebi ila watu na vikapu, spesa ya kadiri ya kimo kilichopotea itakurudishia ulichokuwa nacho. Lakini ugumu haiongezi hata chembe, na gari lenye spesa likitwishwa kilo 100 litashuka zile zile milimita 16. Fauka ya hayo, siku gari litakapotumbukia shimoni mpaka mwisho wa mwendo wake, springi italazimika kubanwa zaidi kwa kadiri ya unene wa spesa, na pengine mizunguko yake ikagusana chuma kwa chuma.

Ya pili ni puto la hewa linaloingizwa ndani ya springi ya koili na kujazwa kama tairi, aghalabu kati ya psi 5 na 35 kwa kufuata maagizo ya mtengenezaji. Hili nalipa haki yake, kwa kuwa hulifuata mzigo: ukipakia unajaza, ukishusha unapunguza, na gari tupu halitaabiki. Sharti kila upande uwe na mpira wake wa kujazia, kwani pande mbili zikiunganishwa, gari likiingia konani hewa hukimbilia upande uliokuwa haukulemewa na kulilaza gari zaidi. Ama kwa pikapu zenye springi bapa, ambako puto hukaa kati ya ekseli na fremu, nawaombea wenzangu hadhari, kwa sababu mzigo ambao springi iliugawa sehemu mbili za fremu, ya mbele na ya nyuma, sasa hukusanywa mahali pamoja juu ya ekseli. Na zimeonekana pikapu zilizopinda uti wa mgongo hapo hapo, magunia yakiwa nyuma na mwenye mali akiwa mbele hana habari.

Na kwa kuwa nimezitaja springi bapa, niseme neno moja juu ya wahunzi wetu, wa Gerezani kule Dar es Salaam na wenzao wa kila mji, ambao huzichukua zilizonyooka wakazirudishia upinde kwa nyundo. Nawaheshimu, nami nina panga la springi ambalo limewashinda ndugu zake wa dukani. Lakini springi haikuwa springi kwa sababu ya umbo. Ilikuwa springi kwa sababu chuma chake kilipashwa moto mkali, karibu nyuzi 850, kikazamishwa katika mafuta, kisha kikapashwa tena kwa moto wa wastani ili ukavu wake upungue. Ikipigwa baridi hurudi kulala baada ya safari chache. Ikipashwa mkaani ikaachwa ipoe yenyewe huwa laini kama bati. Na ikimwagiwa maji tu huvunjika siku ya tuta la kwanza. Kuongeza bapa moja zima lenye unene wa wenzake ni afadhali kuliko hayo yote, ila na hapo si bapa la lori, ambalo ugumu wake huifanya pikapu iende kama mkokoteni.

Mimi niliamua kununua springi mpya, mbili kwa pamoja, kwani kubadili moja ni kulipa gari kilema kipya badala ya cha zamani. Waaustralia, ambao nao wana nchi pana na magari haya haya, wamezoea kuziuza springi za namna hii kwa madaraja ya mzigo wa daima, nami nauona huo kuwa ni mpango wenye hikima. Kwa sababu swali la kujiuliza ni kile kisichotoka garini siku zote, wala si kile kilichopata kupakiwa siku ya msiba au ya arusi. Tofauti yenyewe haionekani kwa jicho. Ugumu wa springi ya koili hufuata unene wa waya kwa kipeo cha nne, hata waya wa milimita 16 ukifanywa wa 17, upana wa duara na idadi ya mizunguko vikibaki vile vile, ugumu huzidi kwa asilimia 27. Na nusu ya wateja wanaozishika springi mbili hizo dukani wangeapa kwamba ni moja.

Kuzifunga nilimpa kijana mmoja wa Chumbageni, anayefanya kazi chini ya mwembe na hana hata kibao. Alilipandisha gari juu ya vigogo vilivyoshika fremu, akaziachia shokapu, akaishusha ekseli polepole kwa jeki hata springi za zamani zikatoka kwa mkono, akaziketisha mpya akiangalia ncha ya waya ikae mahali pake. Kisha akarudishia boli za mikono ya ekseli, akazikaza kidogo tu, akainuka na kujifuta mikono. Nikamwuliza mbona anaacha kazi nusu.

“Hizi hazikazwi gari likiwa hewani, mwalimu,” akasema. “Mpaka limesimama kwa miguu yake.”

“Kwa nini, mwanangu?”

“Bushi ni mpira. Nikizikaza sasa, gari likishuka zitakaa zimejipinda siku zote. Wewe ukifungwa mkanda umejinyoosha, ukiketi si utakukata tumbo?”

Nikalitazama tumbo langu, nikakiri. Gereji ile yenye mlango na maandishi haikunifundisha hilo kwa bei ya shokapu mbili.

Alikuwa na jingine. Kwenye ekseli ya nyuma ya gari hili pana fimbo nyembamba inayopanda hadi kwenye kifaa cha breki kilichofungwa kwenye fremu. Kazi yake ni kukipasha kifaa hicho habari ya mzigo, kwani bodi ikikaribiana na ekseli kifaa hujua kwamba gari limepakia na huyaongezea magurudumu ya nyuma nguvu ya breki, na ikiwa mbali hujua kwamba ni tupu na huipunguza ili yasisimame ghafla yakaserereka. Sasa gari limeinuliwa. Kifaa kitasema ni tupu hata likiwa limejaa machungwa, na breki za nyuma zitakuwa dhaifu siku zile zile zinapohitajika. Akaipandisha fimbo kwa kadiri ya kimo kilichoongezeka. Akapima pia kama ekseli imesogea upande, maana ile fimbo ndefu inayokingama nyuma huivuta kidogo bodi inapopanda, akaona ni milimita chache zisizodhuru. Jioni tukazielekeza taa kwenye ukuta wa msikiti, kwa idhini, tukaweka alama kwa chaki, tukazishusha mpaka zikalala pale zinapostahili.

Gari tupu sasa hurusha kidogo kwenye matuta, na mama watoto, ambaye hakushauriwa, amesema kwamba zamani alikuwa akisinzia njiani na sasa anahesabu mashimo. Hiyo ndiyo gharama, nami siifichi. Nilirudia kipimo changu cha saruji: kilo 100 zinashusha milimita 12 na nusu. Nikatoa katika zile 440 uzito wangu na wa vitu visivyotoka, nikabakiwa na kilo 248, yaani magunia matatu ya machungwa, yaani milimita 30 za utepe; kwani springi mpya hazikuniletea ekseli mpya, wala fani za magurudumu, wala breki, na vyote hivyo ni vya 1994. Nikaiandika 30 kwa wino nyuma ya kile kibao cha kuzuia jua.

Wiki iliyopita nilikwenda shambani. Mpakiaji, mtu wa miaka mingi katika kazi hiyo, alitia magunia matatu, akarudi nyuma hatua mbili akalitazama gari kwa jicho la mtaalamu, kisha akaliinamia la nne.

“Limeinuka, mzee,” akasema. “Zamani matatu tu yalikuwa yakilikalisha. Sasa linataka mengine mawili.”

Nikamwambia aliache, nikatoa utepe, nikampa ashike ncha moja katikati ya gurudumu nami nikavuta hadi kwenye upinde. Ulikuwa umeshuka milimita 31. Alinitazama mimi, akalitazama gari lililosimama wima kama siku ya Idi, halafu akalikokota gunia lile polepole akalirudisha kivulini.